Kozi za bure za video mtandaoni: nitajuaje ipi ni nzuri kabla ya kumaliza bando?

Kijana_wa_Kahama

Habari za kazi wakuu.

Tuko watano, tumemaliza kidato cha sita (watatu PCM, wawili EGM), tunasubiri vyuo. Miezi hii tunataka kujifunza Python (lugha ya kuandika programu za kompyuta) na takwimu kwa kozi za bure za video. Tuna laptop moja ya Windows 10 yenye RAM ya GB 4, simu janja tano, na bando la GB 1 kwa siku kwa yule anayeweza kujiunga siku hiyo.

Ukitafuta Python huko YouTube zinakuja kozi chungu nzima na kila moja inajiita kamili. Wenye ujuzi naomba mtusaidie: ubora wa kozi unapimwaje kabla ya kuteketeza bando? Inawezekana kusoma bila kuwa hewani muda wote? Na vyeti vya bure vipo kweli au ni danganya toto?

Fundi_Chatu

Karibu mkuu. Usianze na video, anza na mazoezi. Mhadhara ukiwa mtamu unajiona umeelewa kila kitu, ukifungua kompyuta mikono inaganda. Anayekufundisha hasa ni zoezi, pamoja na njia ya kujua mwenyewe kwamba umekosea na umekosea wapi. Kurasa za mazoezi ni maandishi matupu, hazili bando, kwa hiyo zifungue kabla ya kugusa video hata moja.

Mfano ulio karibu nanyi ni kozi ya 6.0001 iliyoko MIT OpenCourseWare (tovuti ya kozi za bure za chuo cha MIT, Marekani), utangulizi wa programu kwa Python, ya mwaka 2016, mwalimu ni Ana Bell. Ina mihadhara 12, mingi ni ya dakika 40 hadi 50. Moja ya mazoezi ya mwanzo linasema hivi: mtu analipwa 120,000 kwa mwaka, kila mwezi anaweka akiba asilimia 10 ya mshahara, akiba inazaa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nyumba anayoitaka inauzwa 1,000,000 na anatakiwa kutanguliza robo ya bei. Miezi mingapi itapita? Karatasi ya zoezi inakupa jibu la kulinganishia: 183.

Sasa angalia zoezi hilo linavyosahihisha lenyewe. Programu yako ikitoa 250, umesahau riba kabisa. Ikitoa 62, umetoza ile asilimia 4 kila mwezi, hukuigawa kwa 12. Ikitoa 21, hukugawa mshahara kwa 12. Ikitoa 182, umeacha kuhesabu mwezi mmoja mapema, akiba ilikuwa haijafika 250,000. Kila kosa lina sura yake, na hakuna mwalimu anayehitajika kuwa hewani. Kozi yenye mazoezi kumi ya namna hiyo ina thamani kuliko video ya saa kumi na mbili ambayo mtu anaandika nawe unanakili. Kwenye kunakili hukosei, na usipokosea hujui usichokijua.

Jambo la pili ni umri wa kozi. Kwa hesabu umri si tatizo. Mihadhara ya aljebra ya mstari ya Gilbert Strang, ileile ya MIT, ilirekodiwa mwaka 1999 na hadi leo bado ni ya kiwango cha juu, kwa sababu matriki hazibadiliki. Kwa programu umri unauma. Kozi nyingi za kabla ya 2015 zinatumia Python 2, toleo la zamani ambalo liliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Ukiona mwalimu anaandika print "Habari" bila mabano, hiyo ni Python 2. Kwenye Python 3 mstari huo utakataa kwa ujumbe wa kosa, na hilo ni kosa jema maana linajitangaza. Baya ni lile la kimyakimya: 5/2 kwenye Python 2 inatoa 2, kwenye Python 3 inatoa 2.5. Programu inakubali, inakimbia, jibu ni tofauti na la mwalimu na wewe hujui kwa nini. Mtu anakesha usiku mzima akitafuta kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo kabla ya kushusha chochote, ruka hadi katikati ya mhadhara wa pili, tazama dakika mbili tu. Je, print ina mabano? Herufi zinasomeka kwenye skrini yako? Kisha rudi kwenye mazoezi uangalie kama yana majibu ya kulinganishia. Ukikosa hili la mwisho, hama.

BandoKidogo

Naongezea upande wa bando, maana hapo ndipo watu wengi wanakwama juma la pili.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kasi ya video kwa kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 3,600, gawa kwa 8,000, unapata MB kwa saa. Video ya 360p yenye kasi ya 500 inakula MB 225 kwa saa. Ya 720p yenye kasi ya 1,500 inakula MB 675. Mihadhara 12 ya hiyo 6.0001 ni kama saa 9, kwa hiyo ni GB 2 dhidi ya GB 6, na maarifa ni yaleyale. Sauti pekee kwa kasi ya 128 ni chini ya MB 60 kwa saa, inafaa kwa marudio ukiwa njiani.

Kosa kubwa ni kutazama moja kwa moja hewani. Kila ukirudisha nyuma kurudia kipengele, video inaweza kushuka upya. Na YouTube ikiachwa ijichagulie ubora, mtandao ukiwa mzuri usiku inapanda yenyewe hadi 1080p. Shusheni faili mara moja, mtazame mara ishirini. MIT OpenCourseWare wanaruhusu kabisa, leseni yao inakubali kunakili na kugawana ilimradi usiuze na utaje chanzo. Chini ya kila video kuna sehemu ya kupakua MP4. Angalizo: kitufe cha kupakua kozi nzima kinakupa ZIP yenye karatasi, slaidi na mazoezi, lakini video hazimo, hizo zinashushwa moja moja. Wengi wanaifungua ile ZIP wakidhani imeharibika.

Faili zikishatua, ziwekeni kwenye memori kadi. Kadi nyingi zenye umbizo la FAT32 hazipokei faili moja inayozidi GB 4, hata kama nafasi tupu ni GB 20, na ujumbe unaotoka unasema faili ni kubwa mno. Video za mihadhara hazifiki huko, ila ZIP mliyokusanya wenyewe inaweza kufika. Msifungashe, acheni faili zikiwa mojamoja.

Chezeni kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Faili la manukuu, yaani maandishi ya maneno ya mwalimu yanayotokea chini ya video (lenye mwisho wa .srt), likiwa folda moja na video na likiwa na jina lilelile, VLC inalisoma yenyewe. Kwenye laptop kitufe cha ] kinaongeza kasi kidogokidogo na [ kinapunguza.

Na kuna mtego mmoja wa kozi ya 6.0001. Wanakuambia usakinishe Anaconda, kifurushi kikubwa cha Python. Kisakinishi chake ni mamia ya MB, bando lote la siku linaisha hapo, halafu kwenye RAM ya GB 4 kinafunguka kwa kusuasua. Hamkihitaji. Shusheni Thonny, programu ya kuandikia Python, ni ndogo sana na Python imo ndani yake tayari. Baadaye mkihitaji kuchora grafu, ndani ya Thonny nendeni Tools, kisha Manage packages, tafuteni matplotlib, msakinishe hiyo peke yake.

Kijana_wa_Kahama

Nashukuru sana wakuu, hili la 183 nimelielewa. Maswali mawili yamebaki. Kwa 360p herufi za programu kwenye simu hazisomeki vizuri. Na Kiingereza cha mwalimu kinakimbia, mmoja wetu amewasha tafsiri ya Kiswahili ya YouTube ndiyo akazidi kupotea. Pia upande wa takwimu hatujapata mwongozo.

Mwl_Takwimu

Herufi kwanza: msisome programu kwenye video. Kila mhadhara wa 6.0001 una slaidi zake za PDF na faili la programu alizoandika mwalimu. Fungua slaidi kwenye simu, au faili la programu kwenye laptop, video iwe ya kusikiliza na kuona mkono unaelekea wapi. 360p inatosha hivyo.

Tafsiri ya mashine izimeni. Inatafsiri neno, haijui fani. "String" (mfululizo wa herufi) inakuwa kamba, "float" (namba yenye desimali) inakuwa kuelea, "tree" (namna ya kupanga data) inakuwa mti uliopandwa shambani. Mwanafunzi anasikia "kamba inaanza na sifuri" na anabaki ameduwaa. Washeni manukuu ya Kiingereza yaliyoandikwa na watu. Yale yaliyotengenezwa na mashine hukosea hasa kwenye istilahi, yaani palepale mnapohitaji usahihi. Kabla ya mhadhara someni slaidi zote, andikeni pembeni maneno mapya, kwa kawaida hayazidi kumi, na kila neno liandikiwe mfano mmoja wa programu badala ya tafsiri. Mkifika kwenye video sikio linakuwa limeshayapokea. Kasi wekeni 0.8 kwa mhadhara wa kwanza na wa pili, baada ya hapo mtazoea sauti.

Kuhusu namna ya kutazama. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliochambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za kozi za edX (jukwaa la kozi za mtandaoni). Ulionyesha kwamba video fupi ndizo zinazoshika watu, na hata video iwe ndefu, muda wa kati wa mtu kuendelea kuitazama hauzidi dakika 6. Kwa hiyo mhadhara wa dakika 45 ukateni vipande wenyewe. Mwalimu akiuliza swali darasani, simamisheni hapohapo, kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi, ndipo muendelee. Saa moja ya video idai saa tatu za mazoezi. Mkiona video zimewatangulia mazoezi kwa mihadhara miwili, acheni video kabisa hadi mazoezi yafike.

Takwimu sasa, na hapa nitawapa jibu ambalo halina video nyingi. MIT OpenCourseWare wana 18.05, uwezekano na takwimu. Kiini chake ni masomo mafupi ya kusoma, maswali ya papo kwa papo, na mazoezi yenye majibu kamili. Kwa bando lenu ni dhahabu, maana karibu yote ni PDF. Inatumia lugha ya R badala ya Python, lakini hesabu ni zilezile, na kuiandika upya kwa Python ni zoezi zuri lenyewe.

Mkitaka mhadhara, kuna Stat 110 ya Joe Blitzstein wa Harvard, mihadhara 34 iko wazi, pamoja na seti za mazoezi zenye majibu. Ni kozi nzito. Wa PCM wataingia moja kwa moja kwa sababu inadai tofautisho (differentiation) na ujumlisho (integration) mapema. Wa EGM nao wana hesabu hizo, ila warudie ujumlisho kwanza, hasa ule wa mipaka isiyo na mwisho. Mtu akianza Stat 110 bila hayo, mihadhara ya mwanzo ya kuhesabu njia na uwezekano wa masharti itampitisha vizuri, halafu atafika kwenye vigeu endelevu (continuous random variables) na kugonga ukuta.

Kwa kuanzia chini kabisa, tovuti ya bure ya Khan Academy, sehemu ya takwimu na uwezekano. Video fupi fupi na zoezi linalosahihishwa hapohapo.

Cheti_Kwanza

Naona cheti mmekiruka. Vijana hawa wanahitaji kitu cha kuambatanisha kwenye maombi. MIT OpenCourseWare haitoi cheti hata ukimaliza kila kitu, ni vyema walijue hilo kabla hawajamaliza miezi. Afadhali waende kwenye majukwaa ya kozi kama Coursera au edX.

Fundi_Chatu

Ni kweli mkuu, OpenCourseWare haina cheti. Lakini Coursera na edX, cheti chake kwa kozi nyingi kinalipiwa. Unachopata bure mara nyingi ni kutazama video, pengine sehemu tu, na mazoezi yenye alama yanafungwa. Yaani wanakupa ganda na kubaki na kokwa. Coursera wana msaada wa kifedha kwa kozi nyingi: unaandika maelezo ya kipato chako na sababu za kusoma, kisha unasubiri kama wiki mbili. Ombeni mapema, na andikeni kwa maneno yenu wenyewe.

Cheti cha bure chenye jasho ndani yake ni cha CS50x ya Harvard, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya David Malan. Hapo jihadharini na milango miwili. Ukipita edX kuna cheti cha kulipia. Ukipita ukurasa wao wenyewe, cs50.harvard.edu/x, kuna cheti cha bure, kozi ni ileile. Masharti: uwe na akaunti ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi programu), utume mazoezi yote kuanzia juma la 0 hadi la 9, kila moja upate angalau asilimia 70, kisha mradi wa mwisho wenye video yako ya maelezo isiyozidi dakika 3. Kila mwaka wa kozi unafungwa 31 Desemba, na ulichokwisha kufanya kinahamia mwaka unaofuata.

Ugumu uko juma la 4, kumbukumbu za kompyuta na vielekezi (pointers) kwa lugha ya C, na juma la 5. Hapo ndipo safari za wengi huishia, kwa kuwa walipita juma la 2 na la 3 kwa kuchungulia majibu ya wengine yaliyoko GitHub. Na msitume kazi ya mmoja kwa majina matano. Mfumo unalinganisha kazi zilizotumwa, na ikibainika ni udanganyifu, cheti hakuna. Jadilianeni wazo kwenye karatasi, kila mtu akaandike programu yake.

Kwa bando: programu zinaandikwa kwenye kivinjari kupitia cs50.dev, kwa hiyo wakati wa kuandika lazima uwe hewani. Data inayopita ni maandishi, ila ukurasa wenyewe ni mzito kufunguka mara ya kwanza, fungua mara moja ukae nao. Video zishusheni kando. Mhadhara mmoja unaweza kufika saa mbili na zaidi, na kila juma lina muhtasari wa maandishi unaojitosheleza, siku isiyo na bando someni huo.

Mwalimu_Kisauni

Hamjambo. Kwa vile mko watano na laptop moja, msishushe kitu mara tano. Laptop iwe ghala, simu zichote kwake bila data hata KB moja.

Simu moja iwashe hotspot, data ya simu ikiwa imezimwa. Hilo la kuzima ni muhimu. Ikiachwa, Windows ikiona Wi-Fi inaanza kushusha masasisho yake na GB ya siku inakwenda kabla hamjajua. Kwa tahadhari zaidi, kwenye laptop uwekeni mtandao huo kuwa "metered", yaani wa kupimiwa data. Unganisheni laptop na simu nyingine kwenye hotspot hiyo.

Kwa video za MIT, wekeni zote folda moja. Fungua Thonny, nenda Tools, kisha Open system shell, ingia kwenye folda kwa amri ya cd, halafu andika python -m http.server 8000, amri inayoigeuza laptop kuwa seva ya kugawa faili. Kwenye dirisha jingine la amri andika ipconfig, tazama namba ya IPv4, mfano 192.168.43.57. Kwenye simu fungua kivinjari uandike http://192.168.43.57:8000, orodha ya faili inatokea. Msichezeshe humo humo kwenye kivinjari: seva hii ndogo haijui kurukia katikati ya faili, ukisogeza mbele video inagoma. Hifadhini faili kwenye simu, mfungue kwa VLC.

Kwa Khan Academy tumieni Kolibri. Ni programu ya bure inayobeba video na mazoezi yake pamoja na usahihishaji, vyote nje ya mtandao, na menyu zake zina Kiswahili. Hutakiwi kushusha Khan nzima, hiyo ni makumi ya GB. Mkifungua orodha, wekeni alama kwenye mada ya takwimu tu, na jumla ya ukubwa inaonyeshwa kabla hamjathibitisha. Kila mtu afunguliwe akaunti yake humo, ili maendeleo yake yasichanganyike na ya wengine. Simu zinaingia kwa namba ileile ya IPv4, mlango (ile namba ya mwisho baada ya nukta mbili) ni 8080 kwa kawaida.

Kijana_wa_Kahama

Mwalimu shikamoo. Tumefuata hatua zote. Kwenye laptop yenyewe orodha inafunguka, kwenye simu inazunguka tu hadi inakata. Namba tumeihakiki.

Mwalimu_Kisauni

Marahaba. Hiyo ni ngome ya Windows, yaani Firewall. Hotspot ya simu Windows huiweka kwenye kundi la mitandao ya hadhara, na humo inazuia kila kinachobisha hodi kutoka nje. Bonyeza alama ya Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao huo, badilisha kutoka "Public" kwenda "Private". Kisha simamisha seva kwa Ctrl na C, uianzishe tena. Likitokea dirisha la kuomba ruhusa, weka alama kwenye "Private" na ukubali. Kama mara ya kwanza dirisha lilitokea mkabonyeza "Cancel", Windows imelikumbuka katazo hilo. Nenda kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita Firewall, tafuta Python, rudisha alama ya "Private".

Mkimaliza, zimeni ile hali ya laptop kulala yenyewe, maana ikilala na seva inalala. Na hotspot ikizimwa na kuwashwa upya ile namba inaweza kubadilika, kwa hiyo angalieni ipconfig kila mnapoanza.